Siku Zisizofuliwa Nguo

Mji mzima wa Kaltenrode uliishi kwa soksi, na kazi ya Meta Lohse ilikuwa kuzifunga vidole. Mtambo hufuma soksi tangu juu hadi chini, lakini huiacha ncha wazi, na lazima pawe na mwanamke wa kuiziba kwa sindano, kitanzi kwa kitanzi, bila kuacha kinundu cha kumsumbua mvaaji. Meta aliifanya kazi hiyo nyumbani, kwenye meza ya jikoni, tangu alipokuwa msichana. Mumewe, Arno, alikuwa fundi wa mitambo hiyo hiyo kiwandani kwa Bwana Oehme. Kwa hiyo soksi za Arno zilipita mikononi mwa mume na mke kabla ya kufika miguuni mwake, na Meta alizijua kama mtu ajuavyo mlio wa mlango wake.

Arno alitoboa soksi mahali pamoja tu, kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Kisigino hakikuguswa kamwe.

"Hiyo ni kucha au patasi?" Meta alikuwa akimtania kila Jumatatu, siku ya kufua.

"Ningekuwa sina mke ningeikata," Arno alikuwa akijibu. "Sasa ninaye, kazi ya nini?"

Tangu mwezi wa nane wa mwaka ule, 1933, matani yalikwisha. Arno alikuwa kambini. Wala hapakuwa mbali. Kambi ilikuwa kinu cha zamani cha kusokota nyuzi, huko chini mtoni, kilichofilisika miaka mingi na kuachiwa panya. Askari wa mashati ya kahawia, watu wa chama kilichoshika serikali mwaka ule, walikisafisha nusunusu, wakazungushia seng'enge, wakawajaza humo watu wa vyama vya wafanyakazi kama Arno, Wakomunisti, Wasoshalisti, na mwalimu mmoja aliyekuwa na mdomo tu. Hakuna aliyepelekwa mahakamani. Gazeti liliandika kwamba wamewekwa humo kwa ajili ya ulinzi wao wenyewe. Walindwe na nani, dhidi ya nani, gazeti halikusema, na watu wa Kaltenrode hawakuuliza. Ghafla mji mzima ulikuwa na shughuli nyingi.

Kutoka dirisha la jikoni Meta aliliona dohani la kinu lisilotoa moshi. Arno angekuwa amefungwa mbali, labda angemwaza kama mtu aliyesafiri. Lakini alikuwa pale, umbali wa kwenda kununua mkate, na asubuhi upepo ukivuma kutoka mtoni wanaume walisikika wakiimbishwa kwa nguvu. Meta alikuwa akifungua dirisha kwenye baridi ile na kusikiliza. Hakuwahi kuitenga sauti ya Arno na nyingine. Bi Uhlig, jirani waliyekuwa wakikopeshana chumvi miaka yote, alikuwa akifunga la kwake.

Kilichobaki kati ya mume na mke kilikuwa furushi la nguo. Kila Jumamosi alasiri wake wa wafungwa walipanga mstari langoni. Unatoa furushi safi, unataja jina, unapokea furushi chafu, unaondoka. Barua zilikuwa chache na zilichunguzwa hadi zikabaki salamu na hali ya hewa. Meta alilibeba furushi hadi nyumbani akiwa amelikumbatia, akaliweka kwenye banda la kufulia nyuma ya nyumba, na hakuligusa mpaka Jumatatu. Alikwisha jifunza. Mara ya kwanza alilifungua siku ile ile, harufu ya Arno ikamjaa puani, na kwa kuwa hapakuwa na moto wala maji ya kazi, alikaa sakafuni hadi giza likaingia. Tangu hapo akaamua kwamba furushi hufunguliwa sufuria likiwa linachemka, ili mikono iwe na la kufanya.

Mashati yalirudi na vumbi na jasho, mara nyingine kifungo kimeng'oka. Yenye madoa ya damu hayakutoka langoni. Kila mke kwenye mstari alilijua hilo, maana kulikuwa na majuma ambapo askari alisema, "Wiki hii hana nguo chafu," na mwanamke akageuka, mikono mitupu.

Mwishoni mwa Novemba, Meta alijipiga moyo konde akaenda kumwona Bwana Oehme ofisini. Oehme hakuwa mtu mbaya, na hakuwa mtu jasiri. Mitambo yake mitatu ilikuwa imekaa kimya tangu Arno achukuliwe, na hilo lilimuuma kweli.

"Namtaka arudi hata kesho, Bi Lohse," alisema. "Lakini nimwambie nini mkuu wa wilaya? Kwamba watu wanasema wanapigwa? Watu wanasema mengi."

"Wanapigwa, Bwana Oehme."

"Umeona?"

Meta aliinamisha uso.

"Basi niletee cha kuonekana. Chochote cha kuweka mezani. Mkuu wa wilaya hula bata bukini kwangu kila sikukuu ya pili ya Krismasi, hilo unalijua. Na mwaka huu wanasema kuna watakaoachiliwa kwa msamaha wa Krismasi. Akishakula na kunywa ana moyo. Nipe kitu mkononi, nitamwambia huyu mtu ni wangu, tia jina lake kwenye msamaha. Bila kitu siwezi."

Meta alirudi nyumbani na neno hilo kichwani: kitu cha kuonekana. Majuma yote ya Desemba alilifungua furushi Jumatatu akiomba apate asichotaka kukiona. Alipata vumbi na jasho, na tundu la kidole gumba.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi theluji ilikuwa imefika vifundoni. Langoni walikuwa askari wawili. Mmoja mnene, mgeni wa mji, ndiye aliyempa Meta jina la utani.

"Mama Soksi huyo! Leo umeleta za sufu? Niletee na mimi basi, mwenzio nina vidole viwili vimeganda."

"Vaa viatu vya watu wengine, si ndio mtindo wenu," alisema Meta kwa sauti ndogo, na wake wawili nyuma yake wakaficha vicheko kwenye vitambaa vyao.

Askari wa pili alikuwa Rudi Hempel, kijana wa mtaa wa juu. Majira ya baridi ya miaka miwili nyuma, kazi zilipokauka kabisa, Rudi alikuwa akila supu jikoni kwa Meta mara nyingi kuliko kwa mama yake, na viatu alivyoendea kutafuta kazi vilikuwa vya Arno. Kazi aliyoipata ni hii. Tangu avae shati la kahawia hakumtazama Meta usoni hata mara moja. Siku hiyo alimtazama.

Alipokea furushi safi, akaingia, akakawia. Aliporudi hakuliweka furushi chafu mezani kama kawaida ili mwenzake alipapase. Alilipitisha chini ya mkono moja kwa moja hadi kifuani kwa Meta.

"Bi Meta," alisema haraka. "Wiki hii fua mapema."

"Nini?"

"Fua mapema. Leo. Umesikia?"

"We Hempel, unamtongoza Mama Soksi?" mnene akapiga kelele, na Rudi akacheka kwa nguvu kupita kiasi na kumpa Meta kisogo.

Meta alipanda mlima akiwa amekasirika. Fua mapema! Huyu kijana amezaliwa hapa hapa, amebatizwa hapa, na shati la kahawia limemsahaulisha hata desturi za kwao. Jumatatu ilikuwa Krismasi yenyewe. Kuanzia mkesha wa Krismasi hadi sikukuu ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari, ipite, hakuna nyumba Kaltenrode iliyofua wala kuanika, na nguo ya kufuliwa leo alasiri, kwenye baridi hii, ingekuwa bado kambani mkesha ukiingia. Siku hizo za katikati ya miaka, mtu akitundika nguo kwenye kamba, ametundika sanda ya mtu wa nyumba yake. Nguo chafu hutolewa ndani, hufungiwa bandani, na ufunguo hutundikwa.

Arno, mtu wa vitabu na mikutano, alikuwa akiicheka imani hiyo hadi machozi yakamtoka. Mwaka mmoja, siku ya Mwaka Mpya, alitoka na kikombe cha kahawa mkono mmoja na suruali yake ndefu ya ndani mkono wa pili, akaianika hadharani, akaiinulia kikombe. Mtaa mzima uliona. Kabla theluji haijayeyuka mama yake alikufa. Bi Uhlig alikuja kuomboleza akasema palepale mlangoni, bila kupunguza sauti, kwamba mtu asijifanye hajui nani alimwanikia mama yake sanda. Arno alisema ni upuuzi. Lakini hakuanika tena, na Meta hakusahau.

Kwa hiyo alilitia furushi bandani kama lilivyo, akafunga, akatundika ufunguo kwenye msumari kando ya jiko. Ikiwa kuna mwaka wa kutochezea jambo hilo, alijiambia, ni huu.

Mkesha wa Krismasi alipika vitu tisa, kama inavyopasa, ingawa vya mtu mmoja: dengu ili senti zisiishe nyumbani, madonge ya viazi, kabichi kali, kipande cha soseji, na vingine vidogo vidogo hadi vikatimia. Aliweka sahani yake na sahani ya Arno. Halafu akaweka ya tatu, maana mezani siku hiyo huwekwa daima sahani moja ya ziada, ya mgeni asiyejulikana atakayebisha hodi. Alikaa. Desturi inasema mtu asiinuke mpaka mlo umalizike, atakayeinuka hatakuwepo mwaka ujao. Kwa hiyo alikaa mbele ya sahani mbili tupu, akala polepole, akazungumza kidogo na dengu. Huko nje kengele zilipigwa, na madirishani mwa majirani mishumaa iliwaka. Dirishani kwa Bi Uhlig watoto waliimba, na Meta alijua kila wimbo na kila mtoto.

Alipomaliza tu, upweke ukamwelemea. Akataka kitu kimoja, shati. Si kufua wala kuanika, bali kulifungua tu lile furushi, kutia uso ndani yake, kuvuta harufu ya mtu. Alichukua ufunguo msumarini, akavuka ua kwenye theluji, akautia kwenye kufuli. Ukaingia. Alisimama pale, mkono kwenye ufunguo, mpaka vidole vikafa ganzi. Je, kufungua ni kufua? Mama yake marehemu angesema nini? Desturi haikuwa na jibu la mtu mwenye mume kambini. Mwishowe akasema kwa sauti, peke yake uani, "Kwa ajili yako, Arno. Ninavumilia kwa ajili yako." Akauchomoa ufunguo, akarudi ndani.

Sikukuu ya pili, siku ya baada ya Krismasi, alisikia gari la mkuu wa wilaya likipanda kwenda kwa Oehme. Hapakuwa na gari lingine mjini lenye mlio ule. Alikuwa akifunga vidole vya soksi, na sindano haikusimama. Sina kitu cha kumpa, aliwaza. Mwakani, labda.

Jumamosi iliyofuata alikwenda langoni na nguo za akiba: shati la Arno la Jumapili, na soksi mpya alizomfumia kwa mkono, za zawadi. Mstari ulikuwa mfupi, kwani wengine walikuwa wameachiliwa kwa msamaha na wake zao hawakuwa na haja tena ya kuja. Rudi alikuwa peke yake mezani. Alipomwona Meta alianza kupanga upya vitu ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.

"Bi Meta." Alishusha sauti. "Ulifua?"

"Nifue siku hizi? Rudi Hempel, unataka kumuua Arno?"

Rangi ilimtoka kijana usoni yote. Alilitazama furushi safi kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike, kisha akaingia nalo kinuni. Alikawia sana. Meta alipiga miguu chini, akajipulizia mikono, akahesabu madirisha yaliyovunjika. Rudi alirudi na furushi chafu, akalitazama hilo wakati wote na si uso wa Meta.

"Shika. Nenda nyumbani, mama."

Hakuwa amemwita mama tangu siku za supu. Meta aliona ni dalili njema.

Wafalme Watatu mwaka huo waliangukia Jumamosi, na lango halikufunguliwa. Jumatatu yake, kabla ya jua, dohani za mji mzima zilitoa moshi mzito. Kila mwanamke Kaltenrode alikuwa anachemsha maji. Meta naye aliwasha moto chini ya sufuria kubwa la bandani, akakatakata sabuni, akangoja maji yachemke. Ndipo akachukua furushi la kwanza, la kabla ya Krismasi, na kulifungua fundo.

Lilikuwa limeganda. Mwanzoni alidhani wamempa kipande cha turubai. Akalisogeza karibu na moto ili lilegee, akalikunjua. Lilikuwa shati la Arno la mistari ya buluu, lakini mgongoni mistari haikuonekana. Kitambaa kilikuwa kimechanwa mlalo mara nyingi, na kutoka mabegani hadi kiunoni kilikuwa cheusi na kikavu, kimeshikana. Chini kabisa, soksi mbili, na kwenye ile ya kulia tundu la kidole gumba.

Fua mapema.

Sufuria lilichemka hadi maji yakamwagika na kuzima nusu ya moto. Meta hakusogea. Kitu cha kuonekana. Alikuwa nacho. Kilikuwa humu, nyuma ya mlango huu, usiku ule aliposhika ufunguo. Kilikuwa humu gari lilipopanda kwenda kula bata. Aliona yote kwa wakati mmoja, na akapiga kichwa kwenye ukuta wa banda, mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi.

Kisha akalifungua la pili, maana lilikuwepo. Shati hili lilikuwa zima. Lilikuwa na jasho, lakini jasho geni. Alilinusa mara mbili, akafikiri pua yake imeharibika kwa kulia. Lakini shingo ilikuwa imepanuliwa hadi kifungo kimeng'oka, na soksi, zile nene za sufu alizozituma yeye mwenyewe kabla ya Krismasi, zilikuwa zimevutwa zikawa ndefu. Kidole gumba kilikuwa kizima. Visigino vyote viwili vilikuwa vimepasuka.

Meta alitia ngumi ndani ya soksi na kuigeuza huku na huku kwenye mwanga wa moto. Mguu uliovaa hii haukuwa wa Arno.

Hakufua. Alilikunja shati la mgongo mweusi, akalitia kwenye kikapu cha soksi, akaenda kwa Bwana Oehme. Alilitandaza mezani, juu ya sampuli zake. Oehme aliinuka, akafunga mlango, akarudi, na hakuketi.

"Hili ni la lini?"

"Nilipewa Jumamosi kabla ya Krismasi."

"Kabla..." Oehme alishika mgongo wa kiti. "Bi Lohse, mtu yule alikuwa mezani kwangu! Alikuwa amekaa, amekula, amefungua vifungo. Aliniuliza mwenyewe nina haja gani. Kwa nini hukuja?"

"Lilikuwa bandani. Hatufui siku zile, Bwana Oehme."

Meta alitegemea atapiga kelele, na angeshukuru. Lakini Oehme alikuwa mtu wa Kaltenrode. Alitikisa kichwa polepole, akatazama dirishani, kwenye kamba za nguo za mji mzima zilizokuwa zimejaa leo.

"Ndiyo," alisema. "Hata kwangu hatukufua."

Akachukua simu. Meta alisikia upande mmoja tu, ndiyo, ndiyo, Lohse, Arno, fundi, ndiyo. Oehme aliweka simu taratibu kama kitu cha kioo.

"Alifariki siku moja baada ya sikukuu ya pili. Wanasema mapafu. Wamekwisha mzika, na barua iko njiani." Halafu akasema, na heri asingesema, "Siwezi kujua kama ningefaulu. Yawezekana nisingefaulu. Usijitese, Bi Lohse."

Barua ilikuja siku iliyofuata. Ilisema mapafu. Bi Uhlig, aliyemwona mleta barua, alisimama mlangoni pake akajifunga upya kitambaa cha kichwa, kama anayetaka kuvuka barabara, kisha akaingia ndani. Hakuna aliyekuja. Katika mji ule mtu akifa, jikoni hujaa wanawake na keki hadi mfiwa anakosa pa kukaa. Jikoni kwa Meta palikuwa na nafasi tele.

Kwenye meza alikuwa ameziweka zile soksi zenye visigino vilivyopasuka. Siku ya kwanza alizichukia. Mwizi, alisema, mwizi wa maiti, hata hajapoa umemvua soksi. Aliziita majina yote mabaya aliyoyajua, na ndiyo maneno pekee yaliyosemwa nyumbani siku hiyo. Siku ya pili alizipima kwa kiganja, bila kukusudia, kwa mazoea tu ya kazi. Mguu mrefu, mpana, unaokanyaga kwa kisigino. Mtu mzito, au mtu anayebebeshwa mizigo mizito. Amevaa soksi ndogo hivi kwenye baridi hii kwa kuwa hana nyingine. Na ikiwa hana nyingine, basi hana anayesimama langoni kwa ajili yake. Meta alitazama meza, pale ilipokuwa imekaa sahani ya tatu. Jioni alichukua sufu na sindano, akaanza soksi kutoka mwanzo, ndefu kuliko zote alizowahi kufuma, na kisigino akakitilia nyuzi mara mbili.

Jumamosi alisimama kwenye mstari kama kawaida. Wake waliokwisha sikia walimpisha.

"Mama Soksi!" askari mnene aliita. "Wewe si wameshakuandikia? Huna mtu huku!"

Meta aliweka furushi mezani. "La Arno Lohse," alisema.

"Hempel, mwambie huyu bibi."

Rudi alimshika Meta kiwiko, akamsogeza kando ya lango, penye theluji iliyokusanywa.

"Mama, hukupata barua?"

"Nimepata."

"Tulikatazwa kusema. Jumamosi ile ningekwambiaje? Umekuja na shati la Jumapili. Umesimama hapa na soksi mpya." Alijifuta pua kwa mkono wa shati la kahawia. "Nilikwambia ufue mapema. Nililipitisha lile furushi, na wangeniona wangenivunja mimi. Nilikwambia!"

"Mama yako hufua siku zile, Rudi?"

"Sijui." Alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. "Mimi nguo nazikuta kabatini."

Meta alitaka kucheka. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi, akashika ukuta. Hivyo tu. Mwanamume wa Kaltenrode hajui siku za kufua, na mwanamke wa Kaltenrode hajui siku za kuacha desturi, na kati yao mtu mzima amekufa.

"Nani aliyevaa soksi zake?" aliuliza alipopata pumzi.

"Aliyepewa kitanda chake. Mtu wa Hamburg, mpakia mizigo wa bandarini, miguu kama makoleo. Hana mtu kabisa. Nilimpa mimi, yeye hakuiba. Alikataa, nikamlazimisha, nilihitaji furushi chafu la kukurudishia. Anaitwa..."

"Usiniambie."

"Lakini..."

"Hapa mezani panatajwa jina, na wewe unapeleka furushi kwa jina hilo. Anaitwa Arno Lohse mpaka siku atakayotoka humo kwa miguu yake. Umenielewa? Ulikula kwangu, Rudi. Chukua furushi."

Rudi alilitazama furushi, akatazama kule aliko mwenzake, ambaye sasa alikuwa akimtania mke mwingine. Akalitia chini ya koti, akaingia kinuni. Safari hii hakukawia. Alirudi akampa furushi chafu, akangoja aondoke.

Meta hakuondoka. Alipiga magoti palepale kwenye theluji, mbele ya lango, mbele ya wake wote, akaanza kulifungua fundo kwa vidole vyenye baridi.

"Mama, si hapa," Rudi alinong'ona. "Bi Meta, tafadhali, fungua nyumbani. Unatafuta nini?"

"Mgongo."

Alilitoa shati la Arno la Jumapili, akalikunjua, akalinyanyua kwenye mwanga wa alasiri. Aliligeuza nje, akaligeuza ndani, akapitisha kiganja tangu mabegani hadi chini. Kulikuwa na vumbi la matofali, jasho, na mshono wa kwapani ulioachia kwa upana wa mtu. Basi. Kitambaa kilikuwa kizima.

"Hajapigwa wiki hii," alisema, na ndipo machozi yalipomtoka, ya kwanza tangu barua ije, mengi, bila kujificha. Hakuna aliyemgusa. Alilia mpaka yakaisha, akalikunja shati vizuri, akafunga fundo, akainuka na kukung'uta theluji magotini.

"Mwambie Arno," alisema, "soksi za leo kama zinambana vidoleni, azivae tu. Nitaona mwenyewe pa kulegeza."

Rudi Hempel alimpisha njia.

"Nitamwambia, mama," alisema.